Kuku wa shingo tupu si mgonjwa

Bwana Mhariri,

Ile picha mulitia gazetini ya jogoo wa shingo tupu, mukaandika chini yake "kuku mgonjwa sokoni", imeniletea hasara. Mimi niko mfugaji hapa Bukavu, nauzia soko la Kadutu, na Jumamosi mama mmoja alishika jogoo wangu, akamfunua mabawa, akaangalia ile shingo nyekundu kama nyama mbichi akasema: huyu utamukula weye na batoto bako. Jua lilikuwa linazama, nikamwachia mtu mwingine kwa nusu bei, ningefanya nini.

Sasa musikie. Ile shingo haikunyonyoka, manyoya hayajawahi kuota pale, na mambo hayo yanaamuliwa mapema sana. Yai linaatamiwa siku 21, lakini kwenye siku ya 7 hivi ngozi ya mgongo inaanza kutoa vidoa, ndo mahali manyoya yataota, mstari wa kwanza katikati, halafu mingine huku na huku, imepangwa kama maharagwe shambani. Wataalamu wanatoa hicho kingozi ndani ya yai, chembamba kama utando wa kitunguu, wanakitandaza kwenye kisahani cha labo chenye maji ya kukilisha, wanakitunza kwa joto kama la kuku anayeatamia, na vidoa vinaendelea kuota bila kuku mwenyewe! Hapo ndo mimi nilichoka.

Mtafiti mmoja, Mary Rawles, mwaka 1963, alitwaa tabaka la juu la ngozi ya mguu wa kifaranga wa ndani ya yai, pale kunakootaga magamba, akalibandika kwenye tabaka la ndani la ngozi ya mgongo, yakaota manyoya. Kumbe tabaka la ndani ndo linaamuru kama ni manyoya ao magamba.

Na kuhusu shingo tupu yenyewe, watafiti wa taasisi ya Roslin kule Uskoti walieleza mwaka 2011: ni urithi wa damu, protini moja inaitwa BMP12 inazidi kwenye ngozi na kuzuia vidoa, na ngozi ya shingo iko na asidi inayotoka kwa vitamini A ambayo inaipa hiyo protini nguvu zaidi, ndo maana shingo inabaki wazi na mgongo unavaa. Tena kuku hao wanavumilia joto kuliko wenzao.

Kwa hiyo naomba murekebishe, ukurasa ule ule wa picha, na kabla ya Jumamosi, juu nashuka tena Kadutu na jogoo wanne.

Mfugaji, Bukavu