Mtu haachi kuumbika anapouaga ujana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu makala ya malezi mliyochapisha hivi karibuni, ambayo mwandishi wake alihitimisha kwamba mtu akishavuka ujana hana jipya tena, na kwamba kazi yote ya kumjenga hukamilika kabla hajatoka mikononi mwa wazazi. Hoja hiyo aliiegemeza kwenye methali ya samaki mkunje angali mbichi. Sina ugomvi na methali hiyo inapohusu nidhamu ya watoto, lakini inapotumiwa kueleza jinsi mtu anavyokuja kujijua kuwa yeye ni nani, inapotosha, na wanaoumizwa na upotoshaji huo ni watu wazima, ambao makala za aina hii huwapita kana kwamba habari yao imekwisha.

Kwamba utoto una uzito wake, hilo halina ubishi. Ukimpaka mtoto wa mwaka mmoja doa la rangi puani bila yeye kujua, kisha ukamweka mbele ya kioo, kwa kawaida atakichekea kioo na kukipapasa kama aliyekutana na mtoto mwenzake. Mtoto wa kati ya miezi 18 na 24, kwa upande wake, mara nyingi ataupeleka mkono kwenye pua yake mwenyewe. Jaribio hilo lilianza kufanyiwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ingawa watoto wa jamii zote hawalifaulu kwa umri uleule, linaonyesha kwamba hata kujitambua kwa sura ni jambo linalokuja kwa hatua. Kumbukumbu nazo huchelewa. Wengi wetu hatukumbuki karibu chochote cha kabla ya kutimiza miaka mitatu, na kwa sababu hiyo sura ya kwanza ya maisha yetu tumeipokea kwa kusimuliwa: ulikuwa mtundu, ulikuwa mwoga, ulichelewa kutembea. Kabla mtu hajaanza kujieleza, tayari ameshaelezwa na wengine, na jambo hilo nitalirudia kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika.

Mtaalamu wa saikolojia aliyeeneza zaidi fikra ya kwamba ujana ni kipindi cha mtu kuhangaika kujua yeye ni nani ni Erik Erikson, na wengi wanaomtaja huishia hapo hapo. Husahau kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1950 aliyagawa maisha katika hatua nane, na kwamba ujana ni hatua ya tano tu. Tatu zilizobaki ni za watu wazima na wazee, na kila moja ina mtihani wake. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 asimjue baba aliyemzaa, alilelewa kwa jina la baba wa kambo, na jina tunalomjua nalo alijichagulia alipokuwa akipata uraia wa Marekani mwaka 1939, umri ukiwa unakaribia miaka arobaini. Baadaye, mwaka 1966, mwanasaikolojia James Marcia aliitumia kazi hiyo kueleza hali nne ambazo kijana anaweza kuwa nazo. Mojawapo ni ya kijana aliyekwisha kushika msimamo, imani na mwelekeo wa maisha kama alivyopangiwa na wakubwa zake, bila kuwahi kuvihoji. Nikiyasoma maelezo ya mwandishi wenu kuhusu kijana aliyelelewa vyema, naona anamsifu kijana huyo huyo, ambaye kwa Marcia ni mtu ambaye kazi ya kujitafuta hajaianza.

Yapo pia matokeo ya uchunguzi wa watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya matokeo ya sampuli 92 za watu wa namna hiyo, wakaona kwamba mabadiliko makubwa ya tabia hutokea kati ya miaka 20 na 40, kipindi ambacho kwa mujibu wa methali samaki alipaswa kuwa amekwisha kukauka. Watu wengi huzidi kuwa makini na kazi zao na kutulia kihisia, na baadhi ya tabia huendelea kubadilika hata uzeeni. Kwa haki niongeze kwamba anayesema mtu habadiliki hajakosa kila kitu. Aliye mpole kuliko wenzake akiwa na miaka 30 ana uwezekano mkubwa wa kuwa mpole kuliko wenzake hao hao akiwa na miaka 60, kwa kuwa rika zima limesogea pamoja naye. Tukimpima kwa wenzake tunamwona yuleyule, na tukimpima kwa alivyokuwa zamani tunakuta amesogea.

Ajabu ni kwamba mabadiliko hayo tunayakubali yakiwa nyuma yetu tu. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya watu 19,000 wenye umri wa kati ya miaka 18 na 68. Watu wa kila umri walikiri kwamba walikuwa wamebadilika sana katika miaka kumi iliyopita, na wa kila umri wakatabiri kwamba katika miaka kumi ijayo wangebadilika kidogo tu.

Ikiwa nafsi zetu wenyewe tunazidhania hivyo, hali inakuwa ngumu zaidi tunapowatazama wengine. Chukua mtu aliyefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha akastaafu. Wiki za kwanza anaamka alfajiri ileile, anapiga pasi shati, halafu anakaa. Anapojaza fomu na kufika kwenye mstari unaouliza kazi yake, kalamu inasimama. Baada ya miezi kadhaa anaamua kujifunza kupiga kinanda, jambo alilolitamani tangu utotoni, na hapo watoto wake wanaanza kumcheka: "Baba, kwa umri huu?" Hawana nia mbaya. Wamezoea baba mmoja na hawataki kuanza kumzoea mwingine. Lakini kicheko hicho kina nguvu kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa mtu mzima, kama yule mtoto anayesimuliwa utundu wake, hujiona kwa sehemu kubwa kupitia kwa wanaomzunguka. Hayo hayo humpata mjane ambaye kila amtembeleaye anataka azungumzie marehemu tu, na aliyeacha ulevi lakini kila fedha ikipotea nyumbani anatazamwa yeye.

Najua atatokea wa kusema kwamba mtu akibadilika kiasi hicho hatakuwa tena yule yule. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, aliona kwamba kinachomfanya mtu awe yule yule ni uwezo wa fahamu yake kuyafikia matendo yake ya zamani. Jibu hilo linavutia, ila halitoshi. Mwanamume mmoja wa Kanada, anayejulikana katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi K.C., aliumia kichwa katika ajali ya pikipiki mwaka 1981, akapoteza uwezo wa kukumbuka tukio lolote la maisha yake. Tabia yake nayo ilibadilika. Hata hivyo, alipoombwa ajieleze yeye ni mtu wa namna gani, maelezo yake yalilingana na ya mama yake, tena yalimhusu alivyokuwa baada ya ajali. Alikuwa amejijua upya bila kukumbuka hata siku moja ya kujifunza hayo, na mama yake naye alikuwa amekubali kumjua upya.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, kwamba mfululizo wenu wa makala za malezi usiishie kwa wazazi na vijana. Watafuteni waliostaafu, waliofiwa, walioachika na waliobadili kazi wakiwa na miaka hamsini, muwaulize wanataka kuwa watu wa namna gani na ni nani anayewawekea kizuizi, kisha muwaulize na watoto wao swali hilo la pili.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi