Wanangu, Hizo Nakala za Skripti Ziacheni Nyumbani

Wanangu mnaoandika filamu,

Marahaba kwa shikamoo zenu zote. Nimesikia mmejichanga mwende tamasha la filamu kwa mara ya kwanza. Wengine mmeshalipia beji za kuingilia, wengine bado mnatafuta mwenza wa chumba ili gharama ipungue, na karibu kila mmoja amechapisha skripti yake na kuitia jalada la plastiki. Hayo majalada ndiyo yaliyonikalisha chini niandike.

Tamasha langu la kwanza nilibeba nakala kumi na mbili. Kila moja kurasa 118. Kwa hesabu yetu ya ukurasa mmoja dakika moja, hiyo ni karibu saa mbili za filamu, na mara kumi na mbili ni bega lililochubuka. Siku ya pili nikamvizia prodyuza mmoja akitoka msalani, mikono bado ina maji, nikamkabidhi. Akapokea kwa adabu kabisa. Jioni nikaikuta skripti yangu kwenye meza ya mapumziko imewekewa vikombe viwili vya kahawa, na duara la kahawia limetua juu ya jina langu.

Nilimnunia yule bwana miaka mitatu. Nilipokuja kupata kibarua cha kusoma skripti za watu ndipo nikamwelewa. Begi lake limejaa, kesho ana ndege, na mimi hanijui. Isitoshe, kampuni nyingi zinakataa kusoma skripti ambayo hazikuiomba, maana kesho zikitoa filamu inayofanana nayo kidogo zitaburutwa mahakamani kwa madai ya wizi. Kwa hiyo mkimshikisha mtu skripti kwenye ngazi za ukumbi mnamtwisha mzigo, tena mzigo wenye mwiba.

Jueni pia mnakwenda tamasha la aina gani, kwa sababu hayafanani. Soko la filamu la Cannes, kule Ufaransa, lililoanza 1959, kazi yake kubwa ni haki za usambazaji: watu wananunua filamu iliyokwisha, au ambayo ina waigizaji na sehemu ya fedha tayari. Skripti tupu ya mtu asiyejulikana haina meza pale. Rotterdam, kule Uholanzi, wana CineMart, soko la miradi ya filamu inayotafuta fedha, ilianza 1983, na huko mradi ambao haujapigwa picha unasikilizwa, ila unaomba nafasi miezi mingi kabla na unakwenda na prodyuza wako. Berlin wana mpango wao wa vipaji tangu 2003, nao ni wa kuomba mapema. Austin, kule Texas, ndilo tamasha lililojengwa tangu 1993 likimtazama mwandishi. Wana hata shindano la kunadi hadithi, na unapewa sekunde 90 tu. Someni masharti ya tamasha lenu leo, maana mlango wa warsha mara nyingi hufungwa kabla hujakata tiketi.

Sasa mtaniuliza, kama siuzi, nakwenda kufanya nini? Unakwenda kusikiliza ukumbi.

Mtu akiwa nyumbani anatazama filamu peke yake, akichoka anasimamisha anakwenda kuchemsha chai. Mwandishi hajifunzi kitu hapo. Kwenye tamasha mko mia tatu gizani, wengi hawajui hata hadithi inahusu nini kwa sababu filamu ni mpya. Kaa kiti cha pembeni, safu ya tatu au ya nne, uweze kugeuka na kuona nyuso. Filamu ikikugusa sana, itazame tena kesho yake, lakini mara ya pili tazama watu. Hesabu simu zinazowaka. Ukiona mwanga wa kwanza, jiulize ni tukio gani lililorefushwa.

Nitawapa mfano mmoja ambao haujanitoka. Mama alikuwa anakunja nguo za mwanawe aliyefariki. Anakunja shati, analinyoosha kola, analikunjua, analikunja upya. Dakika nzima hakuna neno, na ukumbi ulinyamaza hadi tukasikia kiyoyozi. Kisha yule mama akasema, “Nimemkumbuka sana.” Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akajigeuza, kiti kikalia. Sentensi moja tu, na watu mia tatu wakarudi kwenye viti vyao. Usiku ule nilifungua skripti yangu nikafuta mistari kumi na moja, yote ya watu wanaosema kile ambacho mikono yao imeshakisema. Hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha hilo, na wapo waliojaribu!

Filamu fupi msizidharau. Najua mnataka filamu ya ufunguzi yenye zulia jekundu. Nendeni hata hiyo, mkapige picha. Lakini muongozaji aliyeleta filamu ya dakika kumi na tano anahangaikia filamu yake ndefu ya kwanza, na wengi wao hawana skripti. Huyo ndiye mtu wenu. Yuko kwenye foleni anasubiri kama nyinyi, ana njaa kama nyinyi, na hajazungukwa na wapambe. Mkipata wawili watatu wa namna hiyo, safari imelipa.

Kipindi cha maswali baada ya onyesho, tafadhali msinitie aibu. Usisimame kusimulia maisha yako kwa dakika nne halafu uulize “je, una maoni gani?” Swali langu la siku zote ni hili: ni tukio gani lilikuwa kwenye skripti na likakatwa wakati wa uhariri, na kwa nini? Muongozaji hung'aa macho, na anakufungulia jiko zima.

Mtu akikuuliza unaandika nini, jibu kwa sentensi mbili. “Inahusu mapenzi na usaliti” si jibu, kila kitu kinahusu mapenzi na usaliti. Sema ni nani, anataka nini, na kipi kimemzuia. Kwa mfano: mkalimani wa mahakama anagundua kwamba shahidi anayemtafsiria anamtaja kaka wa huyo mkalimani kuwa ndiye muuaji. Akitafsiri sawasawa kaka anafungwa, akipotosha anafungwa mtu asiye na hatia. Kisha nyamaza. Mwenzako akisema “halafu?”, endelea. Akitazama saa yake, muulize yeye amependa filamu gani wiki hii.

Wapo mnaoogopa kusema hata hizo sentensi mbili kwa kuhofia kuibiwa. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda lile ulilokwisha kuliandika, na katika nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo inazaliwa unapoandika, bila kusubiri usajili. Basi andika kwanza, tunza rasimu zenye tarehe, ndipo uongee. Wazo lenyewe wanalo watu wengine ishirini. Mtu anayekuomba pesa ili “afikishe” skripti yako kwa wakubwa, huyo ndiye wa kuogopwa.

Na kuna jambo silipitii juu juu. Kikao cha kazi hakifanyiki chumbani kwa mtu. Mwaka 2017, malalamiko dhidi ya prodyuza mmoja mkubwa wa Hollywood yalipoanikwa, wanawake wengi walisimulia kitu kilekile: waliitwa kwenye chumba cha hoteli kwa jina la kikao. Ukiambiwa panda juu, sema utasubiri hapo chini penye watu. Akikasirika, ameshakujibu. Wavulana, hili linawahusu pia, na msimwache mwenzenu arudi peke yake usiku.

Mkirudi, andikieni watu mliokutana nao kabla wiki haijaisha. Mistari mitatu inatosha: tulikutana wapi, ulisema nini nikakikumbuka, nashukuru. Msiambatanishe skripti. Muongozaji mmoja wa filamu fupi niliyesimama naye kwenye foleni ya mvua nilimwandikia hivyo, na alikaa miezi mitano kabla ya kunijibu: “Ile hadithi ya mkalimani, umeshaimaliza?”

Nilikuwa sijaimaliza. Nilimwomba wiki sita, nikatumia tisa.

Mzee wenu