Karata za taroti: mwacheni mtu atumie macho yake

Mhariri, salaam kutoka Malindi. Huu ubishi wa vijana wetu umenichosha kweli, ati huwezi kusoma taroti, hizi karata za picha za kutabiria, mpaka ujue Kabala (elimu ya siri ya Kiyahudi), nyota na zile herufi 22 za Kiebrania. Jamani hizi karata 78 zilianza Italia miaka ya 1400 kama mchezo tu, huko kwa hawa hawa Wataliano tunaokaa nao hapa mjini, habari kwamba zimeficha siri za Misri ya kale ilikuja 1781 na Mfaransa Court de Gébelin wala hakuwa na ushahidi, halafu Éliphas Lévi, Mfaransa mwandishi wa mambo ya uchawi, karne ya 19 ndio akaeneza habari ya kuzibandika hizo herufi kwenye karata kuu 22. Sasa hapo sheria iko wapi? Ile seti ya taroti ya 1909, mchoraji Pamela Colman Smith alichora watu na matukio mpaka kwenye karata ndogo, zile za namba, mtu aangalie picha aseme anachokiona. Hata mpiga ramli wetu hesabu zake anazo lakini humtazama aliyekaa mbele yake. Sisemi mifumo itupwe, mie mwenyewe napenda kuisoma, ila msimzuie binti mwenye jicho zuri kisa hajui karata gani ni ya sayari gani.

Msomaji, Malindi