Kwa Nini Hatuweki Nywila Ndani ya Imeji

Mteja akiona "kuhamisha siri" kwenye ankara, swali ni lile lile: nywila moja ya hifadhidata ndiyo mtutoze siku nzima? Faili la .env lenye nywila si lipo, mstari mmoja wa COPY kwenye Dockerfile (faili la maelekezo ya kuunda imeji), programu inawaka.

Inawaka kweli. Ila imeji ya kontena, yaani kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji ili iwake, ni tabaka juu ya tabaka. Ukinakili .env kwenye tabaka la tatu kisha ukaifuta kwa rm kwenye la nne, la tatu bado limo, na yeyote mwenye ruhusa ya kuvuta imeji hiyo atalifungua kwa amri za docker save na tar. Ukitumia ENV, yaani kuiandika nywila yenyewe kwenye Dockerfile, ndiyo mbaya zaidi: docker history inaonyesha nywila waziwazi. Ikishafika hapo, kufuta hakusaidii. Nywila ibadilishwe kila mahali inapotumika, na kazi hiyo ndiyo inayokula siku, tena si moja.

Kwa wateja wa AWS (huduma za wingu za Amazon), siri tunaiweka Secrets Manager, ghala lake la siri: senti 40 za dola kwa mwezi kwa kila siri, na senti 5 kwa kila maombi 10,000. Kwenye faili la JSON la ECS, huduma ya AWS inayoendesha makontena, sehemu ya valueFrom inabeba ARN (anwani kamili) ya siri, kamwe si nywila yenyewe. Ukihitaji kipengele kimoja tu cha siri, malizia ARN kwa :password:: na usizisahau zile nukta pacha mbili za mwisho.

Wengi hukwama kwenye ruhusa. Ruhusa ya kusoma siri, secretsmanager:GetSecretValue, inakaa kwenye executionRole (jukumu ambalo ECS hutumia kuwasha kontena), si taskRole (jukumu la programu yenyewe). Ukikosea, kontena haliwaki na utaona ResourceInitializationError. Kosa hilo hilo hutokea kontena likiwa kwenye mtandao wa ndani usio na NAT (mlango wa kutokea intaneti) wala njia ya VPC (mtandao wenu binafsi ndani ya AWS) ya kufikia Secrets Manager, kwa hiyo tunakagua yote mawili kabla ya kugusa programu. Siri iliyofungwa kwa ufunguo wenu wa KMS (huduma ya AWS ya funguo za usimbaji) inadai pia kms:Decrypt.

Lalamiko jingine: "Tumebadilisha nywila, mfumo umekatika." Siri huingizwa mara moja tu, kontena linapowaka, lililo hewani linabaki na nywila ya zamani hadi mwendeshe amri ya update-service yenye --force-new-deployment. Sisi hufungua watumiaji wawili kwenye hifadhidata. Tunabadilisha nywila ya asiyetumika, tunaielekeza siri kwake, tunawasha makontena mapya, na yakishapokea wateja bila kosa ndipo tunabadilisha nywila ya yule wa kwanza.