Msipokee fedha za mteja kabla hamjaiona mali ghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonipata mimi na mke wangu hapa Kigoma kati ya Agosti na Oktoba 2024, kwa sababu ninaamini limewapata wengine na litaendelea kuwapata wengi zaidi iwapo halitasemwa wazi. Linahusu duka la vifaa vya umeme vya nyumbani, ambalo ni tawi la kampuni yenye maduka katika mikoa mingi ya nchi yetu. Sitalitaja jina, kwa kuwa ninachotaka ni utaratibu wa kazi ubadilike, na majirani wameniambia kwamba utaratibu huo hauko katika duka hilo peke yake.

Mke wangu anauza samaki wabichi katika mwalo wa Kibirizi. Wasomaji wa mbali huenda hawakumbuki kwamba Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa miezi hiyo mitatu tuliishi kwa pensheni yangu na kwa bustani ya mboga, na akiba aliyokuwa ameiweka kwa miaka miwili hatukuigusa, maana ilikuwa na kazi yake. Tulikuwa tumekubaliana kununua friza ya lita 300 kabla ziwa halijafunguliwa, ili siku migebuka, samaki wa ziwa hili, itakapopatikana kwa wingi na bei ikiwa chini aweze kununua na kuhifadhi, badala ya kuuza kwa bei yoyote ile jioni kwa kuogopa kuharibikiwa. Yeyote aliyewahi kufanya biashara hiyo anajua kwamba mgebuka wa asubuhi na mgebuka wa jioni asiye na barafu hawawezi kuuzwa bei moja.

Jumamosi tarehe 3 Agosti tulikwenda dukani. Friza tuliyoitaka ilikuwa imewekwa mbele ya duka kwa maonyesho, na kijana wa mauzo, ambaye alitupokea kwa heshima, alitazama kompyuta akasema, "Ipo mzee, ghalani zimebaki mbili." Tulilipa shilingi 1,150,000 taslimu, tukapewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, tukaambiwa gari la duka litaileta nyumbani Mwanga siku ya Jumanne. Jumanne hapakuja gari. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa nisubiri sikukuu ya Nane Nane ipite. Ilipopita, niliambiwa mzigo uko njiani kutoka Dar es Salaam. Nikamuuliza kijana yule yule: mwanangu, mzigo upi tena, nawe ulisema zipo mbili ghalani? Akageuza kioo cha kompyuta nikakiona mwenyewe. Kweli mfumo ulikuwa bado unaonyesha mbili.

Hapo ndipo ninapoomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu kabla ya kustaafu nilikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika kwa miaka 27, na jambo nililoliona kwenye kioo kile lilinisikitisha zaidi ya kuchelewa kwenyewe. Nilimwomba meneja wa tawi aniruhusu niingie naye ghalani tukazitafute hizo mbili. Alisita, lakini kwa uungwana wake alikubali. Tulizunguka kwa dakika kumi hivi. Friza moja tuliikuta kwenye kona, mfuniko umepinda na gesi imevuja. Ilirudishwa na mteja mwezi Juni, nayo ikaingizwa kwenye kompyuta kama mali nzima inayofaa kuuzwa. Ya pili haikuwepo kabisa. Mlinzi wa ghala alikumbuka kwamba ilipakiwa kwenda tawi la mkoa mwingine, lakini aliyeipakia hakuandika hati ya kuitoa, au aliandika na hati haikufika kwa anayeingiza hesabu. Kwa maneno mengine, siku ile ya tarehe 3 Agosti tuliuziwa friza mbovu au friza isiyokuwepo, na hakuna hata mmoja katika duka zima aliyejua hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekwenda kutazama.

Sisi enzi zetu hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na leja ofisini, na kila aina ya mali ilikuwa na kadi yake iliyofungwa pale pale ilipopangwa. Gunia la mbolea likiingia, unaandika, likitoka, unaandika, na kila mwisho wa mwezi unahesabu kwa mkono, unalinganisha na kadi, kisha kadi unailinganisha na leja. Mali iliyoharibika ilikuwa na kadi yake ya peke yake na mahali pake pa peke yake, na ilikuwa mwiko kuichanganya na mali nzima hata kwa usiku mmoja. Leja ikisema mia na ghalani pakawa na tisini na nane, hulali mpaka ujue hizo mbili ziko wapi. Simaanishi kwamba tulikuwa waadilifu kuliko vijana wa leo. Wezi walikuwepo na wazembe walikuwepo. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba leja inajua kilichomo ghalani. Leja ilijua kile tu ilichoandikiwa, na kompyuta haina tofauti nayo kwa hilo. Mali ikiibwa, ikivunjika barabarani, ikipokewa kwa kusoma hati bila kufungua maboksi, au ikihamishwa bila kuandikwa, kioo kitaendelea kuonyesha mbili mpaka mtu atakapokwenda kuhesabu.

Na kazi ya kuhesabu si kubwa kama inavyosemwa. Meneja aliniambia kwamba mali yote huhesabiwa mara moja kwa mwaka, watu wanapokuja kutoka makao makuu. Kwa vikombe, pasi na nyaya za umeme huenda hilo linaeleweka. Lakini friza, majokofu, televisheni kubwa na majiko havizidi vipande arobaini katika ghala lile; nilivitazama. Watu wawili wenye karatasi na kalamu wangevimaliza kila Jumatatu asubuhi kabla duka halijafunguliwa.

Narudi kwenye habari yetu. Ziwa lilifunguliwa, samaki wakaanza kupatikana, na mke wangu akawa ananunua barafu kila siku ya soko. Kwa wiki tisa alitumia zaidi ya shilingi 300,000 kwa barafu peke yake, fedha ambayo friza ile ile tuliyoilipia ingemwokolea. Mwishoni mwa Agosti gari la duka lilikuja nyumbani na friza ya lita 200, ya kampuni nyingine, na dereva akatutaka tutie sahihi kwamba tumepokea. Nilikataa. Niliambiwa baadaye na mhudumu kwamba nilikosea kukataa, kwani "zote ni friza tu, baba." Inaniuma kwamba mtu anayeuza bidhaa kwa ujazo na kwa bei iliyoandikwa juu yake anaweza kusema neno hilo mbele ya mtu aliyelipia lita 300.

Tangu hapo niliomba fedha zangu. Juu ya meza ya keshia pana kibao ambacho wasomaji wote wanakifahamu, maana kipo katika maduka mengi ya Tanzania: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilionyeshwa kibao hicho mara mbili. Nilijibu kwamba siwezi kurudisha kitu ambacho sijakabidhiwa, na hilo lilikubalika, lakini nikaambiwa kwamba tawi halina mamlaka ya kurudisha fedha, kwamba risiti imekwishatolewa na mauzo yamekwishaingia kwenye mashine, na kwamba lazima wahasibu wa Dar es Salaam waidhinishe. Nikapewa namba ya huduma kwa wateja. Nilipiga namba ile kwa siku nyingi. Kila aliyepokea alikuwa mtu mwingine, kila mmoja alinitaka nianze hadithi tangu mwanzo, na kila mmoja alimalizia kwa kusema, "Mfumo unaonyesha bidhaa ipo katika tawi lako, nenda tawini." Tawi lilinituma Dar es Salaam, na Dar es Salaam ikanirudisha tawini. Kutoka hapa hadi huko kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Siwezi kupanda treni kwenda kubisha mlango wa mhasibu.

Sitaki kuwalaumu vijana wa tawi kupita kiasi. Niliwaona wakiwa na aibu. Meneja alitumia simu yake na salio lake kunitafutia majibu, na siku moja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekwishaandika barua tatu kuhusu hesabu za ghala lake zisizolingana. Anatakiwa kupokea mamilioni ya shilingi kutoka kwa wateja kila wiki, lakini haruhusiwi kumrudishia hata mmoja bila idhini. Kampuni inayomwamini mtu kupokea imwamini pia kurudisha, angalau pale ambapo mali haikutoka ghalani na ushahidi upo mezani.

Kwa faida ya wasomaji wengine, naongeza yale niliyojifunza katika kuhangaika huko. Kwa mujibu wa sheria ya nchi yetu inayohusu mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani inapaswa kulingana na maelezo hayo, na pale ambapo muuzaji ana wajibu wa kupeleka mali lakini siku haikutajwa, anatakiwa kuipeleka ndani ya muda unaofaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kibao cha dukani hakiwezi kuzishinda sheria hizo. Nilipoandika barua nikazitaja, na kupeleka nakala kwa Afisa Biashara wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, mwenendo ulibadilika. Kwa hiyo nawashauri wasomaji watunze risiti zao, waandike tarehe na maneno waliyoambiwa, na wapeleke malalamiko kwa maandishi. Maneno ya mdomoni yanapotea pamoja na zamu ya mhudumu.

Fedha zetu tulizipata Alhamisi tarehe 17 Oktoba, siku ya 75 tangu tulipe. Zilikuwa kamili, 1,150,000, bila nyongeza yoyote kwa safari zangu 11 za dukani wala kwa barafu, na bila neno la kuomba radhi kutoka makao makuu. Friza tulikwenda kununua kwa mfanyabiashara wa Mwanga mwenye duka moja tu, ambaye tulipomtajia lita 300 alisema, "Leo sina, mzigo wangu unafika Ijumaa, msinipe hela mpaka muione." Ijumaa tuliiona, tukalipa, ikapakiwa kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Bei yake ilizidi ya lile duka kubwa kwa shilingi 60,000, na mke wangu alizitoa kwa moyo mweupe.

Ninachoiomba kampuni ile, na nyingine zinazofanya kazi kama yake, ni kwamba kabla keshia hajapokea fedha za kitu kikubwa, mtu mmoja aende ghalani akakiguse, akifungue, akitoe pembeni na kukibandika jina la mnunuzi. Ni mwendo wa dakika tano. Kama hakipo, mteja aambiwe hakipo. Sisi wa Kigoma tumezoea kusubiri mzigo, reli imeanza kutuletea mizigo tangu 1914 na tunajua kwamba njia ni ndefu. Mtu akiambiwa ukweli anapanga mambo yake. Mke wangu angeambiwa tarehe 3 Agosti kwamba friza haipo, angekuwa na fedha zake mkononi siku ziwa lilipofunguliwa.

Sababu ya kuandika sasa, wakati mimi nimekwishalipwa, ni hii. Siku niliyokwenda kuchukua fedha nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi la duka, na mtoto mgongoni, ametoka Uvinza kwa basi la alfajiri. Alikuwa na risiti ya jokofu ya mwezi Septemba. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba jokofu lipo na aje na usafiri wa kulibeba, na alipofika akaambiwa asubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa safari yake ya nne. Naomba uongozi wa kampuni hiyo, ambao utajitambua katika barua hii, umtafute kwa namba ya simu iliyo kwenye kumbukumbu za tawi, ama umpelekee jokofu lake au umrudishie fedha zake kwa simu, kabla hajalipa nauli ya safari ya tano.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza stoo mstaafu,
Mwanga, Kigoma Ujiji.