Vifungo vya Shati: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Jumatatu unaanza kuwahudumia watu wazima wenye ulemavu majumbani mwao, kazi niliyoifanya mimi miaka 19, na unaniuliza ujifunze nini kwanza. Kuosha, kulisha, kuhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoa dawa kwa saa yake, hayo watakufundisha na utayashika. Mimi nataka nikusimulie habari ya vifungo vya shati.

Mzee wa kwanza niliyemhudumia alikuwa amepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Shati la vifungo saba lilimchukua dakika 20. Anakibana kifungo kwa vidole viwili vya kushoto, anakisukuma tunduni, kinateleza, anaanza upya. Wiki ya kwanza uvumilivu ulinishinda. Nikamfunga vyote kwa dakika moja, nikajiona nimemsaidia. Alinyamaza. Alinyamaza kutwa nzima, na jioni ndipo akaniambia, "Kile ndicho kitu pekee ninachokifanya mwenyewe asubuhi." Mpaka leo nikikumbuka uso unanishuka.

Kesho yake nilimvika mkono uliopooza kwanza, kisha ule mzima. (Wakati wa kuvua unaanza na mzima. Ukigeuza utaratibu huo unalivuta bega lililolegea, na maumivu yake ni makali.) Halafu nikaketi, mikono nikaiweka mapajani, nikamwacha na vifungo vyake. Mwanangu, kuketi vile ni kazi, na kulinichosha kuliko kumwinua.

Nyumba unayoingia ni ya huyo unayemhudumia. Piga hodi hata kama ufunguo unao. Usihamishe kitu bila kumwuliza, hasa kwa asiyeona, maana kikombe kilichosogezwa shubiri moja kwake kimepotea. Akija mgeni akakuuliza wewe, "Anaendeleaje?", mgeukie mwenyewe ajibu. Kiti chake cha magurudumu kihesabu kuwa sehemu ya mwili wake: usikiegemee, wala usikisukume kabla hajasema twende. Akitaka kulala saa sita usiku, ni usiku wake.

Haya si hisani yetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 19, unatambua haki yao ya kuchagua waishi wapi na nani, na ya kupata msaada nyumbani. Nao walioipigania haki hiyo ni wao wenyewe. Ed Roberts alipoozeshwa na polio tangu ujana, akawa analala ndani ya mashine ya kumpumulisha, na bado mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha kuishi kwa kujitegemea kule Berkeley, Marekani, kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu. Ukichoka, ukaanza kuona ni wewe unayempa mtu uhuru wake, mkumbuke huyo.

Lakini kumwachia mtu maamuzi yake hakukupi ruhusa ya kufumba macho. Unapomwosha anayekaa au kulala muda mrefu, angalia makalio, visigino na kiuno. Mahali palipobadilika rangi, nawe ukibonyeza kwa kidole rangi haiondoki, hapo kidonda kinaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, basi papasa pia: utahisi joto, au ugumu usiokuwepo jana. Mgeuze, na utoe taarifa siku hiyohiyo.

Na msikilize anapokueleza mwili wake. Nilimhudumia kijana aliyevunjika uti wa mgongo karibu na shingo. Wiki niliyoanza alinikalisha, akanifundisha jambo moja na kunitaka nilirudie kwa mdomo wangu. Miezi kadhaa baadaye, asubuhi, akasema kichwa kinamgonga. Uso ulikuwa unatiririka jasho, miguu mikavu. Kama asingenifundisha, ningempa dawa ya maumivu na kumlaza, na huenda tungempoteza. Aliyeumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo, kibofu kikijaa presha yake ya damu huweza kupanda ghafla, naye hasikii kwamba kimejaa. Nikamkalisha wima, nikamlegeza nguo, nikaufuata kwa vidole mpira unaoutoa mkojo kibofuni na kuupeleka kwenye mfuko wake, hadi nikaukuta umekunjika chini ya paja. Nikaunyoosha. Mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko huo, na jasho likapungua kidogo kidogo. Simu nilikuwa nimeishika mkononi, tayari kuita gari la wagonjwa.

Mgongo wako nao utunze. Usimwinue mtu peke yako kwa kuona haya kuomba msaada, na kabla ya kumhamisha funga breki za kiti, kila mara, hata ukiwa na uhakika umeshazifunga. Utakayoyaona ndani yabaki ndani. Kwenye daftari andika ulichokiona, dhana zako ziache. Na zipo siku atakufokea kwa sababu wewe ndiye uliye karibu. Nenda jikoni, vuta pumzi, rudi.

Nipigie Jumatatu usiku, hata ukichelewa. Nataka kujua anapenda kuamshwa vipi.

Mama yako