Ikoni zilitetewa kwa nyimbo, tusizikate ovyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nijibu makala ya dini iliyotoka hivi karibuni kuhusu Wabizanti, yaani Wakristo wa dola la Kirumi la mashariki lenye makao Constantinople, na ugomvi wao juu ya ikoni, picha takatifu za Kristo na watakatifu. Kwa mji kama Dodoma, ambako Waanglikana na Wakatoliki ni wengi na Waorthodoksi ni wa kuhesabu, ni vyema mada hiyo imeguswa. Lakini makala ina makosa mawili, na haikutaja nyimbo hata kwa bahati mbaya.

Kosa la kwanza ni tarehe. Ugomvi haukuisha mwaka 787 kama makala ilivyosema. Kaisari Leo III alipotaka ikoni zikataliwe rasmi, Patriaki (askofu mkuu) Germanos aling'atuka Januari 730. Mwana wa Leo, Constantine V, aliitisha mtaguso Hieria, karibu na Constantinople, mwaka 754. Maaskofu 338 walikaa bila patriaki hata mmoja, wakazikataa ikoni. Malkia Irene na Patriaki Tarasios walijaribu kuligeuza jambo hilo Constantinople mwaka 786, askari wakaingia kanisani na kikao kikavunjika. Ndiyo maana mwaka uliofuata wakahamia Nikea, na huko ikoni zikakubaliwa. Kisha mwaka 815 Leo V akarudisha marufuku, na awamu hii ya pili ikadumu hadi Kaisari Theophilos alipofariki Januari 842. Mjane wake, Theodora, pamoja na Patriaki Methodios, walizirejesha ikoni Machi 843, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, ambayo mpaka leo inaitwa Jumapili ya Orthodoksia. Anayefundisha akaishia 787 anawaacha nje watunzi wakubwa kabisa wa nyimbo wa Constantinople.

Kosa la pili ni kusema kwamba wavunja ikoni waliwakataa Bikira Maria na watakatifu. Tamko lao la 754 linamlaani mtu asiyekiri kwamba Maria ni Mzazi-Mungu, yaani Mama wa Mungu, na asiyetaka maombezi ya watakatifu. (Constantine mwenyewe, kwa mujibu wa maadui zake, alikwenda mbali zaidi, lakini adui si shahidi wa kuaminiwa kirahisi.) Wala hawakuacha kuta tupu. Kanisa la Mtakatifu Irene, lililojengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 740, lina msalaba mkubwa wa mozaiki juu ya altare, na upo hadi leo. Hoja yao ilikuwa nzito kuliko makala ilivyoionyesha: mchoraji anayemchora Kristo ama anauzungushia Umungu mstari, jambo lisilowezekana, ama anauchora mwili peke yake, na hapo amemgawa Kristo kuwa wawili. Shika huku, umeanguka; shika kule, umeanguka.

Yohane wa Damasko aliandika hotuba tatu za kutetea ikoni akiwa katika nchi za Khalifa, ambako mkono wa Kaisari haukumfikia. Nzuri, lakini ndefu, na waumini wangapi wamewahi kuzisoma? Jibu lililofika kwa kila mtu ni kontakio (wimbo mfupi wa siku) ya Jumapili ya Orthodoksia, sauti ya nane kati ya zile nane za kanisa. Kwa tafsiri yangu: "Neno wa Baba asiye na mpaka, alijiwekea mpaka alipotwaa mwili kwako, ee Mzazi-Mungu; akairudisha sura iliyochafuka katika hali yake ya kale, akaichanganya na uzuri wa Kimungu. Nasi tukiukiri wokovu, tunauonyesha kwa tendo na kwa neno." Sentensi ya kwanza inamaliza kesi ya Hieria. Mpaka ambao wavunja ikoni waliogopa mchoraji asimwekee, Neno amejiwekea mwenyewe tumboni mwa mama yake.

Waliotunga mambo haya waliumia. Theophanes na ndugu yake Theodore walichanjwa usoni mishororo 12 ya mashairi ya kuwadhihaki, kwa amri ya Theophilos. Theodore alifia kifungoni. Theophanes alikuja kuwa askofu wa Nikea, na jina lake ndilo lililowekwa kwenye kanuni, yaani mfululizo mrefu wa nyimbo za ibada, ya Jumapili hiyohiyo. Mtawa Kassia, ambaye Theodore wa Studion (mtawa mwingine, si yule ndugu wa Theophanes) alimwandikia barua, ndiye aliyetunga wimbo wa mwanamke mwenye dhambi unaoimbwa usiku wa Jumanne ya Juma Kuu. Kisa cha Theophilos kumkataa alipokuwa akichagua mke ni kitamu, ila kimeandikwa muda mrefu baada ya wote wawili kufa. Kisiingie darasani kama historia.

Sasa niwageukie walimu wa kwaya, maana hoja ikishakuwa wimbo, kuukata ovyo ni kuikata hoja.

Kanuni ina nyimbo tisa, kila mmoja ukitokana na wimbo wa Biblia: wa 1 ni wa Musa baharini (Kutoka 15), wa 3 ni wa Hana, wa 6 ni wa Yona, wa 9 ni wa Maria na Zakaria. Wa 2, wa Kumbukumbu la Torati 32, ni mkali sana na umebaki kwa Kwaresima tu. Kwa hiyo kanuni nyingi zinaruka kutoka 1 hadi 3. Mchapaji asiyejua akiona hivyo hudhani namba zimekosewa, akazipanga upya, na kuanzia hapo msomaji na waimbaji hawaelewani. Kanuni Kuu ya Andrea wa Krete, yenye tropario (beti fupi) 250 hivi, ni ya Kwaresima na huo wa pili unao.

Kila wimbo unaanza na hirmo, ubeti wa kwanza ambao ndio kipimo cha tuni. Tropario zinazofuata lazima zilingane nayo kwa mizani na kwa mkazo. Chukua kanuni ya Pasaka ya Yohane wa Damasko, sauti ya kwanza. Hirmo inaanza "Anastaseos imera": mizani 8, mkazo kwenye silabi ya 3 na ya 7. Tropario ya kwanza inaanza "Katharthomen tas esthisis": 8 tena, mkazo palepale. Waswahili tumezoea mshororo wa mizani 8 katika utenzi, hivyo hapa hatuna kisingizio. "Siku ya ufufuko" ina 7 na mkazo wake unaanza silabi ya kwanza. Kwaya italazimika kuvuta "ku" hadi ichoke. "Ufufuko umefika" ina 8, mkazo wa 3 na wa 7. "Tutakase hisi zetu" nayo inakaa vilevile.

Ugumu uko mwishoni mwa vipande. Kigiriki humaliza kwa mkazo popote: "lai" kwenye silabi ya mwisho, "dievivasen" kwenye ya tatu kutoka mwisho. Kiswahili kinang'ang'ania ya pili kutoka mwisho. Usilipinde neno. Sogeza noti nzito iangukie silabi yenye mkazo, na silabi ya mwisho ipewe noti fupi; katika muziki huu noti ndiyo inayolifuata neno. Fanya kazi hiyo kwa penseli kabla ya mazoezi: andika hirmo, hesabu mizani, pigia mstari silabi nzito, ndipo utafsiri. Anayetafsiri kwanza na kuhesabu baadaye ataifanya kazi mara mbili.

Muda ukiwa mfupi, punguza tropario za katikati. Hirmo ibaki, na ile ya mwisho, ya Mzazi-Mungu, ibaki. Kwaya nyingi hukata ya mwisho kwa sababu tu ndiyo ya mwisho, kumbe mara nyingi humo ndimo fundisho la Neno kutwaa mwili limewekwa.

Kinanda kifungwe. Kipimo cha Wagiriki cha mwaka 1881 kinaigawa oktava katika sehemu 72, na hatua za kawaida kati ya noti na noti ni za sehemu 12, 10 na 8. Kinanda kina hatua za 6 na 12 peke yake, kwa hiyo 10 na 8 hazimo, na sauti ya kwanza inaanza na 10 kisha 8. Anayejua ilimba ya Wagogo hatashangaa, maana nayo haipatani na kinanda. Badala yake weka waimbaji wawili au watatu washike noti ya msingi kwa sauti ya chini, wabadilishe pale tu tuni inapohamia msingi mwingine. Wakiwa wengi, maneno hayasikiki.

Na gazeti likirudia mada hii Kwaresima ijayo, naomba lichape mwaka 843 pamoja na kontakio yote, si kipande.

Msomaji wako,
Kikuyu, Dodoma